Hana, Alhamdulillahi

Mafuta ya habasoda mimi siyanunui, wallahi, hata niumwe na viungo namna gani. Juzi mwenye duka moja hapa Likoni karibu na soko alifungua chupa ili mteja wake anuse, harufu ikanifika nami nimesimama na kikapu changu, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshauvuta mkono wangu wa kulia ndani ya mtandio. Mwanamke mzima, mwenye kazi yangu na watoto wangu, najificha mbele ya muuza dawa! Nilikasirika. Nikautoa tena, nikauweka juu ya kaunta yake autazame mpaka ashibe, nikanunua sabuni nikaenda zangu.

Nimezaliwa nao hivi. Mkunga alinivuta vibaya, mishipa ya bega ikaumia, mkono ukabaki mwembamba, umejipinda kwa ndani, vidole vina uhai kidogo lakini hata kijiko havikishiki. Leo hayo nayasema kwa pumzi moja. Utotoni hakuna aliyeniambia hivyo. Mama aliniambia mkono umelala.

Kila alfajiri baada ya swala alinikalisha kwenye mkeka, akapasha mafuta ya habasoda kidogo kwenye kijiko, akaanza kunisugua kutoka begani kushuka. "Umelala tu, mwanangu. Utaamka inshallah. Lakini usiwaonyeshe watu, wala usiuseme. Macho ya watu mazito." Nami nikajitungia yangu kichwani. Nikadhani mkono ukisemwa kwa sauti utashtuka usingizini, na ukishtuka hautaamka vizuri tena. Watu wakipiga kelele karibu nami, niliufunika kwa kanga. Kwa hiyo msinionee huruma ya aibu, sikuwa na aibu yoyote. Nilikuwa naulinda.

Mama alikuwa fundi cherehani, akiwashonea sare watoto wa nusu ya mtaa wetu. Yangu aliishona kwa namna yake. Mikono mirefu na mipana, na upande wa kulia mfuko mkubwa, mdomo wake pale hasa kiganja changu kilipofika. Asubuhi alinivalisha, akautia mkono mfukoni, akarudi nyuma hatua mbili kunitazama, akaridhika. Karamuni nilikuwa nashiba kabla ya sinia kuletwa, maana kula kwa kushoto mbele za watu kulikuwa hakusemeki. Nyumbani alinilisha yeye mwenyewe kwa mkono wake, mlango umefungwa.

Siku ya kuniandikisha darasa la kwanza alipewa fomu. Kulikuwa na mstari unaouliza kama mtoto ana ulemavu wowote, na mama akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Hana, alhamdulillahi. Zamani nilimlaumu sana kwa maneno hayo mawili. Siku hizi nalaumu kidogo. Mtaani kwetu alikuwapo mtoto wa jirani aliyeandikwa kuwa ni kiziwi, akapelekwa shule ya bweni mbali, akawa anarudi likizo tu, na mamake akizungumza naye kwa ishara za kubahatisha, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha mzazi lugha ya mtoto wake. Mtoto akawa mgeni kwao. Mama yangu aliyaona hayo akaapa kwamba wake haandikwi. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa jirani na alijua. Mama akamwomba amsitiri, naye akamsitiri, mpaka akastaafu na siri yake. Watoto wenzangu walijua pia, lakini nani huku kwetu anayepeleka mambo ya nyumba ya mtu kwa mwalimu?

Basi ikawa hivyo, miaka mitano mizima, na hakuna karatasi hata moja iliyojua nina mkono gani.

Nilipofika darasa la sita akaja Mwalimu Nyambu, Mtaita, mwalimu wa hisabati na wa nidhamu. Mrefu, msafi, viatu vinang'aa hata wakati wa mvua. Hakuwa mkatili, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa kuandika. Alikuwa na daftari kubwa jeusi lenye jalada gumu, Kitabu cha Nidhamu, na kila kosa lilikuwa na mstari wake na saini yake. Makosa matatu mzazi anaitwa. Mzazi akiitwa mara ya pili, mtoto anatafutiwa shule nyingine.

Wiki ile ile aliyofika alinisimamisha mbele ya darasa.

"Toa mkono mfukoni ukizungumza nami."

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi au hutaki?"

Nikanyamaza. Kumjibu kungekuwa kuusema mkono, na mkono ulikuwa umelala. Rafiki yangu Mwanakombo, niliyeketi naye dawati moja, alinikanyaga mguu ili niseme kitu, nami nikamkanyaga naye anyamaze. Mwalimu akafungua kitabu chake: Husimama na mkono mfukoni mbele ya walimu.

Kosa la pili lilikuwa la chaki. Kwa kawaida nilikuwa na ujanja wangu, mwalimu akiomba kitu nakiweka mezani achukue mwenyewe. Siku hiyo chaki ilimdondoka, ikabingirika hadi miguuni pangu, naye akanyoosha kiganja akingoja. Nikaiokota, nikampa kwa kushoto. Darasa zima lilivuta pumzi. Nyinyi mliolelewa huku mnajua: kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana bila kufungua mdomo. Mwalimu Nyambu alikuwa ameshakaa pwani vya kutosha kulijua hilo.

"Ebo! Kwenu hamfundishwi?"

Akaandika: Alimpa mwalimu chaki kwa mkono wa kushoto, kwa dharau. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Ningeweza kuvumilia mkono wa kushoto. Dharau alikuwa ameitoa wapi?

La tatu likawa jiwe. Karatasi, kama hamjui, ina tabia ya kukimbia. Mwenye mikono miwili hana habari, kwa sababu mkono wake wa pili huishika bila hata kuagizwa. Yangu ilikuwa ikinizunguka juu ya dawati, na tulikuwa watatu kwenye dawati hilo, mimi katikati, kiwiko changu cha kushoto kikigombana na kiwiko cha kulia cha Mwanakombo muhula mzima. Nikaenda pwani ya Mtongwe nikajichagulia jiwe bapa, laini, la kuwekea pembeni mwa daftari. Lilinifaa sana jiwe lile. Katikati ya jaribio la hisabati Mwanakombo akanipiga kikumbo bila kukusudia, likaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Hili la nani?"

"Langu, mwalimu."

"La kumpiga nani?"

"La kuandikia."

Watoto wakacheka, maana kwa kweli lilikuwa jibu la kuchekesha, na yeye akadhani namfanyia mzaha. Alipatikana na jiwe darasani. Akanipa barua ya kumwita mzazi, na jiwe akaondoka nalo. Jaribio lile lile liliporudi nilikuwa wa pili darasani. Ripoti ya muhula huo ninayo mpaka leo, na kwenye mstari wa tabia imeandikwa: Ana akili lakini ni jeuri.

Mama alikuja na buibui lake la kutokea, amejifukiza udi, kama anakwenda arusini. Ofisini tulikuwa wanne: mwalimu mkuu nyuma ya meza yake, Mwalimu Nyambu na kitabu chake, mama kwenye kiti, nami nimesimama, mkono mfukoni. Mwalimu Nyambu akasoma makosa moja baada ya jingine, polepole, kisha akafunga kwa methali.

"Mama, mwana umleavyo ndivyo akuavyo."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nikamtazama, kwa kuwa nilijua sentensi moja tu kutoka kwake ingemaliza mambo yote. Siku hiyo siri haikuwa na maana tena kwangu. Nilitaka aseme. Nilimwomba kwa macho.

"Nisameheni, walimu," akasema. "Mtoto ameniharibikia. Nitamtia adabu."

Wallahi, kuna kitu kilinikatika. Mama yangu, aliyenisugua kila alfajiri tangu nizaliwe, alikuwa radhi kuwa na mtoto jeuri kuliko kuwa na mtoto mwenye ulemavu. Na nikaelewa na jingine, ambalo lilikuwa zito zaidi. Mtu anayengoja jambo huwaambia watu wangoje naye. Yeye hakuwa akingoja kitu. Hakuwa akiamini kwamba mkono utaamka, na pengine hakuwahi kuamini hata siku moja, ila alikuwa akificha tu, na mimi nilikuwa nimebandikwa jina la ujeuri kwa kulinda usingizi usiokuwapo.

Nikautoa mkono mfukoni. Nikapandisha sare mpaka begani, nikauweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, juu ya karatasi zake.

"Huu hapa," nikasema. "Andikeni sasa."

"Nyamaa!" mama akaruka. "Funika, mwanangu! Funika!"

"Sifuniki."

Mwalimu Nyambu alikuwa anautazama mkono, kisha kitabu, kisha mkono. Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza, kwa sauti ya matangani: "Lo, maskini. Hujafa hujaumbika." Nikaona nimeshatiwa kwenye methali nyingine, ya pili asubuhi hiyo, na hii ilinikera kuliko ile ya kwanza. Akafungua kabati, akatafuta faili langu, akatoa fomu ya miaka ile. "Mbona hapa umeandika mwenyewe, mama? 'Hana, alhamdulillahi.'" Ndipo nilipoyaona maneno yale kwa mara ya kwanza. Akairudisha, akatoa karatasi nyingine ya rangi tofauti, akaanza kuijaza bila kumtazama mtu.

"Basi huyu si wa hapa. Watoto kama huyu wana shule zao, huko atapata wenzake. Sisi hatuna vifaa."

"Vifaa gani, mwalimu?" nikauliza.

"Vifaa vya watu wa hali yako."

Haya! Nilipoingia mlangoni nilikuwa jeuri mwenye akili, na sasa nimekuwa maskini asiyeweza. Katikati hapo hapakuwa na mstari wangu. Sisemi shule zile ni mbaya, wako watoto wanaozihitaji na zikawafaa. Mimi nilihitaji ncha ya dawati.

"Mwalimu, kwenye jaribio nilikuwa wa pili," nikasema. "Na mkono huu huu. Leo umeuona tu. Akili yangu imekwenda wapi tangu jana?"

"Wamsikia anavyojibu?" mwalimu mkuu akamwambia mama.

Na hapo mama, ambaye nilikuwa nimeshamkatia tamaa, akasimama. Mama si mtu wa kusimama mbele ya walimu. Akaegemea meza kwa viganja viwili.

"Namsikia. Asema kweli. Mwalimu, aliyeandika uongo ni mimi. Sasa wewe wataka kumhamisha mtoto kwa uongo wangu? Nihamishe mimi. Yeye mwache asome."

Aliyetuokoa, ukitaka kujua, ni Mwalimu Nyambu. Si kwa huruma, bali kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika, na uandishi mbaya ulimuudhi. Alifunga kitabu chake akasema kuna ofisi ya serikali ng'ambo, kisiwani, ya kuwapima watoto wenye ulemavu. Twende tukapimwe kwanza, kisha shule iandike kilichopo, si kinachodhaniwa. Mwalimu mkuu akatupa wiki mbili.

Kwenye ofisi ile tulimkuta mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akamkaribisha mama yangu kiti, akamwambia kwa upole: "Dada, leo wewe ni mgeni wangu, msemaji ni huyu." Kisha akanigeukia. "Haya, mwanangu. Shuleni wataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilimtazama mama, naye akakohoa. Kisha nikaanza, na nilipoanza sikunyamaza: nataka kukaa mwisho wa dawati upande wa kushoto, nataka jiwe langu, nataka mtu wa kunishikia rula kwenye jometri, sitaki kuulizwa kwa nini nimetoa kitu kwa kushoto. Yeye akaandika yote. Akanipa karatasi mbili za kunakili na pembetatu ya kuchora, akanipima kwa saa, mara ya kwanza mwenyewe, mara ya pili yeye amenishikia karatasi. Akalinganisha.

"Nakuandikia nusu saa zaidi kwenye kila mtihani," akasema.

"Hapana," nikasema. "Sitaki kuhurumiwa."

Alicheka mpaka miwani ikatikisika. "Nani kakuhurumia? Wenzako wana mkono wa kushikia karatasi. Wewe muda wako wakwenda kwa kushika karatasi, nimeupima hapa, umeuona. Huo nakurudishia. Ni wako."

Kisha akampa mama fomu, na humo mlikuwa na swali lile lile. Mama aliishika kalamu muda mrefu. Akaandika: Ndiyo. Mkono wa kulia. Machozi yakamtoka, naye akayafuta kwa ncha ya buibui ili yasidondokee karatasi. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira naye, na ilikaa karibu mwaka mzima, na sitadanganya leo ili nionekane mwema. Alfajiri iliyofuata alikuja na kijiko chake cha mafuta. Nikamwambia, "Nataka kulala, mama." Akasimama pale kidogo, akaenda kukimwaga.

Tulipopeleka karatasi za ofisi ile shuleni, habari ya kunihamisha ikaisha, na Mwalimu Nyambu akanisogeza ncha ya dawati siku hiyo hiyo. Jiwe akanirudishia, lilikuwa kwenye droo yake, limefungwa kwa kikaratasi chenye jina langu. Nikamkumbusha yale makosa matatu.

"Yafute, mwalimu."

"Kitabu hiki hakifutwi."

"Basi andika tena."

Alinitazama, nami sikuinamisha macho. Kisha akachukua kalamu, na chini ya kila kosa akaandika kwa herufi ndogo: Mkono wa kulia hauna nguvu tangu kuzaliwa. Halikuwa kosa. Akatia saini, mara tatu. Msamaha wa mdomo hakuniomba, wala sikuungoja.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Walimu wengine walisahau kila muhula, wengine walijifanya kusahau. Mwalimu mkuu alikaa na barua yangu ya nusu saa mpaka mama akaenda mara tatu, mara ya tatu akakaa kwenye benchi nje ya ofisi na kazi yake ya kushona, akashona mpaka barua ikapelekwa kwa watu wa mitihani. Huyo naye alikuwa mama yule yule, msisahau.

Mtihani wa darasa la nane ukafika. Siku ya insha, kengele ikalia, wenzangu wakaweka kalamu chini, wakatoka. Msimamizi alikuwa kijana wa bara, mpole, hatujuani. Akaja kwangu kanyoosha mkono.

"Karatasi."

"Nina nusu saa yangu, mwalimu. Tazama orodha."

Akaitazama. Jina langu lilikuwamo. Akaketi mbele peke yake, mimi nyuma peke yangu, na nje Mwanakombo anapiga makelele kuwaambia wenziwe alivyomaliza insha yake. Niliandika. Karatasi haikukimbia. Nilifika mwisho, nikasoma yote tangu juu, nikarekebisha maneno mawili, nikaweka kalamu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi kamili kwenye saa ya ukutani.

Kijana akainuka haraka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Lete basi, twende tukale."

"Muda wangu haujaisha."

"Lakini si umemaliza?"

"Nimemaliza. Muda haujaisha."

Akanitazama, akatazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya dawati, wazi, bila kitu juu yake.

"Sasa utafanya nini dakika kumi zote hizo?"

"Nitakaa," nikasema.

Nikakaa.